Mzungu, shekarisi na mwana wa inchi: namna Mwindo aliingia katika kitabu

Utangulizi

Siku moja nilikuwa nafundisha darasa la tano la sekondari hapa Goma. Somo lilikuwa juu ya falme za kale za Afrika. Nikauliza: «Nani anaweza kutuambia Soundjata alikuwa nani?» Mikono ikapanda. Wakasema: mfalme wa Mali, mtoto aliyeshindwa kutembea, kisha akasimama na kushinda maadui. Vizuri sana. Nikauliza tena: «Na Mwindo?» Kimya. Mwishoni msichana mmoja wa nyuma akasema kwa sauti ndogo: «Mwalimu, ile si mambo ya bazee ya Walikale?» Nikamuuliza kama yeye ni wa Walikale. Akaitika. «Na Kinyanga, unasikia?» Akajibu: «Ninasikia kidogo, lakini siwezi kusema.»

Jibu hilo lilinifuata mpaka nyumbani. Soundjata ni wa Mali, mbali na sisi kabisa. Tunamjua kwa sababu Djibril Tamsir Niane alimwandika katika kitabu mwaka wa 1960, na kitabu kile kikaingia katika shule. Mwindo naye yuko katika kitabu tangu mwaka wa 1969. Ni wa jimbo letu, wa msitu wetu. Basi kwa nini huyu wa mbali anajulikana na huyu wa karibu hajulikani? Ili nijibu nitaeleza kwanza kazi ya watu watatu: mtafiti mmoja Mbeleji, msimulizi mmoja Munyanga, na mwana wa inchi mmoja aliyesomea elimu ya lugha. Kisha nitasema juu ya mtu wa nne, ambaye hajafika bado.

Inchi na lugha yake

Wanyanga ni wenyeji wa msitu wa teritwari ya Walikale, upande wa magharibi wa Kivu ya Kaskazini, mbele ya milima ya Masisi. Wazee wao waliishi kwa kutega na kuwinda, kwa kuvua, kwa kukusanya vitu vya msituni na kwa kulima ndizi. Jirani zao ni Wahunde, Wanande, Watembo, Wakumu, Walega na wengine.

Lugha yao ni Kinyanga, lugha ya Kibantu yenye toni, maana yake sauti ikipanda ao ikishuka neno linaweza kubadilika. Mwingereza Malcolm Guthrie, alipozipanga lugha za Kibantu kwa herufi na namba, aliiandika D.43. Kinande ni D.42, Kihunde ni D.51. Hizo ni namba za wataalamu, lakini zinatuonyesha jambo moja: lugha hizi zinakaa karibu karibu, sawa nyumba za kartie moja.

Tuchukue mfano. Jina la sifa la Mwindo ni *Kabutwa-kenda*: kadogo kamezaliwa tu, na mara moja kakaenda. Mnande akisikia *kabutwa* ataelewa bila kufundishwa. Hata anayesema Lingala atakumbuka *kobota*, kuzaa. Mfano mwingine: baba wa Mwindo anaitwa *Shemwindo*, na mama yake *Nyamwindo*. *She-* ni baba wa fulani, *Nya-* ni mama wa fulani. Ndiyo sababu msimulizi wa hadithi hizi anaitwa *shekarisi*, baba wa *karisi*. Karisi ni jina la masimulizi haya marefu ya shujaa, na ni jina pia la roho anayemwita mtu ili ayasimulie.

Mtafiti kutoka Ubeleji

Daniel Biebuyck alizaliwa Ubeleji mwaka wa 1925 na alisoma katika chuo kikuu cha Gent. Kutoka 1949 mpaka 1957 alikuwa mtafiti wa IRSAC, taasisi ya utafiti wa sayansi iliyoundwa na Wabeleji mwaka wa 1947, ambayo makao yake makubwa yalikuwa Lwiro karibu na Bukavu. Alikaa kwa Wabembe, kwa Walega, kisha kwa Wanyanga. Hakuja kwa wiki mbili na kurudi na picha. Alijifunza lugha, akakaa vijijini, akauliza, akaandika.

Tusifiche: IRSAC ilikuwa chombo cha koloni, na pesa yake ilikuwa pesa ya koloni. Lakini kazi ya mtu si lazima ifuate kila mara nia ya aliyemtuma. Kwa mfano, serikali ya koloni ilikuwa imekataza chama cha Bwami cha Walega mwaka wa 1948. Biebuyck alikaa na wakubwa wa Bwami, akajifunza mafundisho yao, na mwaka wa 1973 akatoa kitabu kizima juu yao, *Lega Culture*, kinachoonyesha kwamba kilichokatazwa kilikuwa shule ya hekima na ya tabia njema.

Mwaka wa 1957 alihamia Lovanium, chuo kikuu cha Léopoldville, akafundisha mpaka 1961. Kisha alikwenda Marekani. Alifundisha sehemu kubwa ya maisha yake katika chuo kikuu cha Delaware, akapumzika kazi mwaka wa 1989. Aliaga dunia mwaka wa 2019. Miaka yake ya utafiti kwetu haikufika hata kumi, lakini vitabu alivyovitoa vilitumia maandishi ya miaka hiyo kwa maisha yake yote.

Siku kumi na mbili

Katika mwaka wa 1956 Biebuyck alikutana na Candi Rureke, shekarisi wa kijiji cha Bese. Mashekarisi walikuwa wengi, na wengi walijua vipande vya hadithi. Rureke alikubali kitu ambacho hakikuwa desturi: kusimulia yote, toka mwanzo mpaka mwisho, kwa mfululizo. Kwa kawaida watu walisikiliza kipande leo, kipande siku ingine, kufuatana na nafasi.

Kazi ilichukua siku kumi na mbili. Rureke alisimulia, aliimba, alicheza, aliigiza kwa mwili wake. Vijana walipiga fimbo kavu kwa vijiti ili kumpa mwendo, na watu wa kijiji waliitikia nyimbo. Ndani ya hadithi yenyewe Rureke anajitaja, na anamtaja pia aliyemfundisha. Siku zilipokwisha sauti yake ilikuwa imechoka, lakini hadithi ilikuwa yote katika karatasi.

Kwa wale wasiojua, nieleze kwa kifupi. Shemwindo, mkubwa wa Tubondo, anatoa amri kwamba wake zake wote wazae wasichana tu. Kijana akizaliwa, atamwua. Nyamwindo, mke mpendwa, anamzaa Mwindo kwa njia ya ajabu, kupitia kidole cha kati. Baba anarusha mikuki, inapita pembeni. Anamzika mtoto mzima, anatoka kaburini. Anamfungia ndani ya ngoma na kuitupa katika mto. Ngoma inapanda mto badala ya kushuka, inaelekea kwa shangazi Iyangura, mke wa Mukiti, nyoka mkubwa wa maji. Mwindo anasaidiwa na wajomba zake popo, ambao ni wafua chuma, na Nkuba, radi, anaipiga Tubondo. Shemwindo anakimbilia kuzimu, na mtoto anamfuata huko, katika inchi ya Muisa na ya Nyamurairi, mungu wa moto. (Msomaji wa Goma atasikia katika jina hilo kitu kinachofanana na Nyamulagira, mlima wetu.) Mwishoni anamkamata baba yake.

Na hapa ndipo ninapowaomba wanafunzi wangu wasimame kidogo. Mwindo hamwui baba. Anamrudisha nyumbani, baba anakiri kosa lake mbele ya watu, na utawala unagawanywa. Kisha shujaa mwenyewe anakosea: anamwua Kirimu, joka la msitu, kumbe Kirimu ni rafiki wa Nkuba. Anapelekwa juu mbinguni, anateswa kwa baridi, jua na mvua mpaka anajifunza unyenyekevu. Akirudi, anawapa watu amri za kuishi kwa amani. Moja ni kwamba mtoto asikataliwe, akiwa wa kiume ao wa kike. Amri ya kwanza ya baba na amri ya mwisho ya mtoto zinajibizana.

Mwana wa inchi

Kati ya karatasi za mwaka 1956 na kitabu cha 1969 kulipita miaka 13. Kuandika maneno si mwisho wa kazi. Lazima toni ziwekwe mahali pake, maneno magumu yaelezwe, majina ya miti na ya nyama za msitu yatambuliwe, methali zipate maana. Kazi hiyo haiwezi kufanywa vizuri na mgeni peke yake, hata akiwa na akili namna gani.

Hapo anaingia Kahombo Mateene, Munyanga aliyesomea elimu ya lugha. Kitabu kilichotoka katika chuo kikuu cha California mwaka wa 1969, *The Mwindo Epic*, kina majina yao wawili, Biebuyck na Mateene. Ndani mna tafsiri ya Kiingereza, maelezo mengi, na maneno ya Kinyanga yenyewe. Mwaka wa 1970 wote wawili walitoa Bruxelles mkusanyo wa fasihi simulizi ya Wanyanga katika Kifaransa. Mwaka wa 1978 Biebuyck alitoa *Hero and Chief*, chenye masimulizi mengine ya shujaa huyu yaliyotoka kwa wasimulizi wengine.

Mateene hakubaki msaidizi wa mtu. Aliandika juu ya sarufi ya Kinyanga, kisha akafanya kazi Kampala, akaongoza Ofisi ya Lugha ya Umoja wa Inchi za Afrika. Mwaka wa 1980 na mwaka wa 1985 ofisi ile ilitoa vitabu ambamo yeye na wenzake waliuliza swali moja gumu: Afrika imepata uhuru wa bendera, lakini kwa nini mtoto wake bado analazimishwa kujifunza kila kitu kwa lugha ya Ulaya tu? Alisema kwamba njia hiyo imeshindwa, kwani inawaacha watu wengi nje ya elimu.

Ni ajabu kidogo, vitabu hivyo vya kutetea lugha za Afrika vilitolewa kwa Kiingereza na Kifaransa. Simcheki. Angeviandika kwa Kinyanga, mawaziri wa Afrika wangevisoma namna gani? Lakini ajabu hiyo inaonyesha ugonjwa wenyewe ambao alikuwa anautafutia dawa.

Kwa maoni yangu, maisha ya Mateene yanapaswa kufundishwa kwa vijana wetu wanaofikiri kwamba kusoma ni kuacha lugha ya mama. Yeye alipanda ngazi ya masomo akiwa ameshika Kinyanga mkononi, na Kinyanga hicho ndicho kilimpeleka mbali.

Kaye yangu

Sasa naomba ruhusa ya kusema juu yangu mwenyewe. Baba yangu ni Muhunde, mama yangu ni Munyanga. Babu mzaa mama alikimbia vita, akaja kukaa kwetu Goma. Hakuwa shekarisi, lakini alijua vipande vingi vya Mwindo, na Mwindo wake hakuwa sawasawa kabisa na ule wa Rureke. Kwake shangazi alikuwa na sehemu kubwa zaidi, na kulikuwa na wimbo mmoja wa ngoma mtoni ambao mama yangu aliuimba pia akiwa jikoni.

Jioni, umeme ukikosekana, nilikaa naye na kaye moja ya shule. Niliandika kama nilivyoweza, bila toni, kwa alfabeti ya Kifaransa iliyochanganyika na Kiswahili. Nilijaza karibu kaye nzima. Babu alifariki mwaka wa 2000. Nilijisemea: si kitu, kaye iko.

Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ilipasuka, na moto ukashuka ndani ya mji. Sisi tulikimbia na godoro, sufuria mbili, na mtoto mgongoni. Hakuna mtu aliyefikiri kaye. Tuliporudi, mahali pa nyumba palikuwa jiwe jeusi lenye joto bado. Mama alisimama, akatazama, akasema tu: «Mzee amekufa mara ya pili.»

Kwa muda mrefu nilikuwa na kinyongo juu ya watafiti wazungu. Nilikuwa nasema, kama wengi wanavyosema, kwamba walikuja kuchukua mali yetu na kuipeleka kwao. Mwaka wa 2009 mwalimu mwenzangu alinikopesha fotokopi ya kitabu cha 1969. Kiingereza changu ni kidogo. Nilikwenda moja kwa moja kwa kurasa za Kinyanga, nikasoma polepole, kwa sauti, neno kwa neno, na mama akiwa amekaa pembeni. Mara akaanza kusahihisha matamshi yangu. Kisha akaanza kuendelea mbele yangu, kabla sijafika mwisho wa mstari.

Siku ile kinyongo changu kilibadilika. Kaye yangu ilikuwa hapa kwetu, ikaungua. Karatasi za Biebuyck zilikwenda mbali, zikapona. Siwezi kusema kwamba ni haki hadithi yetu ipatikane kwa urahisi zaidi Marekani kuliko Walikale. Lakini siwezi pia kusema kwamba ingekuwa heri asiandike. Bila yeye, bila uvumilivu wa Rureke na bila masikio ya Mateene, mama yangu asingesahihisha kitu siku ile.

Mtu wa nne

Ndiyo sababu nilisema kwamba kitabu kile kinangojea mtu wa nne. Msimulizi alisimulia. Mgeni aliandika. Mwana wa inchi aliweka toni na maana. Anayekosekana ni msomaji, na msomaji huyo ni sisi.

Wengine watanijibu: «Mwalimu, vitabu viko wapi? Viko Ulaya, ni vya bei kali, na ni vya Kiingereza.» Ni kweli. Wengine watasema: «Goma ni mji wa watu wote, tunasikilizana kwa Kiswahili, hayo ya makabila yatatuletea tena fujo.» Hilo nalo ninalisikia, kwani katika jimbo letu jina la kabila limetumiwa kwa kumwaga damu tangu miaka ya 1990, na Walikale ni kati ya mahali palipoumia. Lakini tuangalie vizuri. Kilicholeta damu hakikuwa hadithi ya Mwindo. Hadithi hiyo inasema mtoto aliyeteswa na baba alikuwa na nguvu ya kulipiza kisasi, na hakulipiza. Kama kuna somo ambalo jimbo letu linahitaji, ni hilo, na halihitaji kibali cha kabila.

Na Kiswahili si adui wa Kinyanga. Mimi ninaandika ukurasa huu kwa Kiswahili, na ndicho kinachonipa nafasi ya kumweleza Mnande, Mushi na Munyarwanda mambo ya Wanyanga. Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha kwanza, inataja lugha nne za taifa, Kikongo, Lingala, Kiswahili na Tshiluba, na inasema lugha zingine za inchi ni sehemu ya urithi wa utamaduni wa Kongo ambao Serikali inapaswa kuulinda. Lakini Serikali haitakuja jioni kukaa na bibi yako.

Ninapendekeza mambo matatu, na yote hayahitaji pesa nyingi.

Kwanza, tunaofundisha historia na Kifaransa tumweke Mwindo pembeni ya Soundjata katika masomo yetu. Saa mbili kwa mwaka zinatosha kuanza.

Pili, chama chetu kitafute kopi ya kurasa za Kinyanga na kuzisoma kwa sauti pamoja na wazee wa Walikale wanaoishi Goma, kisha kufanya tafsiri ya Kiswahili. Hiyo itakuwa kazi ya watu, si ya mtu mmoja.

Tatu, kila kijana mwenye simu amrekodi mzee wake. Na akirekodi afuate mfano wa kitabu kile: aandike jina la msimulizi, kijiji, na tarehe. Tunamjua Candi Rureke wa Bese kwa sababu mtu alifikiri kuandika jina lake. Kisha sauti hiyo isikae mahali pamoja. Ipelekwe kwa dada, kwa mjomba, kwa rafiki wa Bukavu ao Butembo. Mlima wetu umeshuka tena tarehe 22 Mei 2021, na hautatuuliza kwanza kama tumemaliza kunakili.

Mwisho

Yule msichana wa darasa la tano nilimpa kazi ya nyumbani peke yake: amwulize bibi yake juu ya Mwindo. Wiki iliyofuata alikuja na karatasi mbili za Kiswahili, na katikati mistari mitano ya Kinyanga. Ilikuwa wimbo. Aliusoma mbele ya wenzake kwa haya nyingi, na Mnande mmoja akapiga kelele: «Ile neno hata sisi tuko nayo!»

Nilichukua karatasi zile nikafanya kopi tatu. Moja iko shuleni, moja kwangu, na moja nimeituma kwa mjomba wangu Bukavu. Yenyewe alirudi nayo kwa bibi yake.